Mbwa Aliyeambiwa Ajikaze

Harufu ya spiriti hainipiti hivihivi. Juzi, hapa Soweto, Mbeya, mjukuu wangu Tumaini alirudi na paka wake kutoka kwa daktari wa mifugo, paka ananukia spiriti, kachomwa sindano ya kutuliza maumivu, na jirani akacheka mpaka akashika mbavu, ati siku hizi hata paka anatibiwa maumivu. Mimi sikucheka. Pua yangu ilikuwa imeshafika Ipogolo, Iringa, nilikokulia.

Tulikuwa na mbwa, jina lake Watasema. Baba yangu, Mzee Lukelo, alimpa jina hilo ili majirani walisikie kila anapomwita. Siku moja lori likamgonga pale barabarani, mguu wa nyuma ukavunjika. Akajikokota mpaka chini ya kihenge cha mahindi, akalala anahema tu, halii. Baba akasema mbwa asiyelia haumwi sana, anajikaza. Ila mbwa kilema halindi nyumba, kesho atammaliza kwa rungu.

Kujikaza ndilo lilikuwa neno la kwetu. Umeungua, jikaze. Umefiwa, jikaze. Mama alituzaa wote bila kutoa sauti, na Baba akajisifia hilo kama vile aliyezaa ni yeye.

Asubuhi yake bwana mifugo, Bwana Anyosisye, alikuwa kwa jirani anachanja ng'ombe. Nikaenda nikaishika baiskeli yake, nikagoma kuiachia mpaka aje kwetu. Akaja. Baba akatupokea na rungu mkononi, anacheka.

"Dawa ya mbwa, Dafroza? Kesho utawapiga na kuku sindano?"

Nikamjibu: "Baba, jino likiniuma na mimi hunyamaza. Unajuaje kama siumwi?"

Baba akalitazama rungu lake. Bwana Anyosisye akapita katikati yetu, akampaka Watasema spiriti, akamchoma sindano, akaufunga mguu kwa vijiti. Akaniachia vidonge, nimpe akishakula, na akanionya nisije nikampa vya watu, vitamuua.

Jioni mbwa akainua kichwa, akala ugali, akataka kukimbia. Baba akasema amepona, mfungue. Nikakataa. Bwana mifugo alishaniambia kwamba dawa imeondoa maumivu, haijaunga mfupa. Nikakaa na kamba mkononi, kisimani siendi, shule siendi. Shule yenyewe sikuja kuimaliza. Baba alinichapa, na kamba sikuiachia. Watasema alikuja kutembea, anachechemea, akabwekea watu miaka mingi.

La Baba nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, mgongo ulipomlaza kitandani, halii, anasema haumwi. Kumbe siku ile hakuwa katili. Ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza kama anaumia. Sikubishana naye. Nilimlisha, nikamwekea kidonge mkononi, akameza. Baadaye akafumbua macho.

"Kumbe ilikuwa inauma, mwanangu."

Sasa mgongo unaouma ni wangu. Atakayeniambia nijikaze, ajikaze yeye.