Ndugu Yangu Alianguka Mnazini, Jirani Anaitwa Mchawi

Kosa wanalofanya watu wengi ni kumpima mlevi kwa mdomo. Wananusa pumzi, wanasikiliza kama ulimi umekuwa mzito, na wasipoona kitu wanasema yu mzima. Hawamtazami macho. Kosa hilo linaninyima usingizi, na sasa linataka kumponza bibi kizee asiye na hatia.

Namwomba msimamizi wa ukurasa anifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, naishi upande wa Msambweni, tabibu mstaafu wa zahanati. Majina ya humu yote nimeyabadilisha.

Mdogo wangu, nitamwita Juma, alikuwa mgema. Sisi ni Waislamu, na nyumbani kwetu pombe haitajwi. Lakini Juma alishikilia kwamba kugema ni kazi kama kazi nyingine, kunywa ndiyo haramu, na mama akaridhika. Sasa huku kwetu mwenye kuuza tembo, pombe ya mnazi, huonja kwanza mbele ya mnunuzi, ili mnunuzi aamini kwamba halikutiwa kitu kibaya. Wateja wake walikuwa wakata miwa wa Ramisi, na kila mmoja alitaka kuonjewa. Kwa hiyo Juma alionja tangu asubuhi, kila siku, na ungemwuliza angekuapia kwamba hajawahi kunywa. Aliamini hivyo kwa dhati.

Siku ile, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimeketi uani kwake. Alinyoosha mkono kuchukua kamba yake ya kupandia, akashika hewa. Nikamwita.

"Hebu simama hapa. Fuata kidole changu kwa macho, usigeuze kichwa."

"Kaka, wanipima kama ng'ombe wa mnadani?"

Macho ya mtu asiyelewa hukifuata kidole kwa kuteleza. Ya Juma yalikuwa yakirukaruka, na yalipofika pembeni yakashindwa kutulia: yakawa yanavutwa ndani na kurudi, yanavutwa na kurudi. Pumzi yake ilinukia karafuu tu. Maneno yake yalikuwa yamenyooka.

"Umekunywa, Juma."

"Nimeonja, kaka. Kuonja si kunywa."

"Basi leo usipande."

"Nisipopanda tembo litachacha huko juu, kesho wateja wanitukane mimi, wewe hawakujui."

Akatoka. Jirani yake, mjane nitakayemwita Bi Mishi, alikuwa akifagia. Kuti aliloangusha Juma juzi yake lilikuwa limemtoboa paa, naye akampigia kelele kama ilivyo kawaida yao: "We Juma! Waniulia nyumba! Iko siku utashuka bila kukanyaga!"

"Nikishuka hivyo nitaangukia kwako, Bi Mishi. Uwe umeshapika chai!"

Wakacheka wote wawili. Alipanda salama. Alianguka wakati wa kushuka.

Nieleze, maana wengi hamjaambiwa. Ndani ya sikio mna vijifereji vyenye maji, na humo mna kitu laini mfano wa nyama ya dafu changa. Kichwa kikigeuka, kitu hicho hupinda, ubongo ukajua umegeuka, ukayaelekeza macho. Pombe hukiingia kitu hicho kabla ya kuyaenea yale maji, kikawa chepesi, kikaelea. Kichwa kimetulia lakini sikio lasema kinazunguka, na macho hulitii sikio. Saa nyingi baadaye pombe hukitoka kwanza hicho hicho, kikawa kizito, na kizunguzungu hurudi hata kama mdomo haunuki kitu. Mtu wa namna hiyo akitembea chini, huenda akapepesuka tu. Juu ya mnazi anainamisha kichwa, anatafuta kwa mguu kidato kilichochongwa shinani, na jicho linamwonyesha kidato mahali kisipokuwepo.

Baada ya mazishi, mwanawe mkubwa alisimama mbele ya jamaa. "Baba hakuwa mlevi. Mtu asiyekunywa hawezi kuanguka kwenye mnazi aliouzoea hivyo. Bi Mishi alimtamkia, watu walisikia." Hakuna aliyempinga. Na kweli, ukishaondoa tembo, unabakiwa na nini zaidi ya uchawi?

Nilimwendea mama faraghani, nikamweleza nilichokiona. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Ukisema mwanangu alikufa na tembo tumboni, nani ataitika amina kwenye hitma yake? Usimvue nguo kaburini, mwanangu. Nakuomba kwa maziwa yangu."

Juzi Bi Mishi ameamka akakuta pembe ya paa lake imechomwa. Alikuja kwangu akiwa ameshika ufagio bado. "Daktari, wewe ulikuwepo. Si ulisikia? Si tulicheka?" Nikamwambia nilisikia. Akaniuliza, "Basi mbona husemi?"

Nikifumba macho nayaona ya Juma, yanavutwa na kurudi. Hata msikitini, ninapotoa salamu kulia na kushoto, nayaona katika uso wa kila aliyeketi safu moja nami.

Kikao cha ukoo ni Ijumaa hii baada ya sala. Wanataka Bi Mishi ahame, na wako vijana wanaosema kuhama hakutoshi. Nikisema, mama yangu mkongwe atanihesabu nimemzika mwanawe mara ya pili, na huenda akaondoka duniani hana radhi nami. Nikinyamaza, naujua moto utakapofika. Jamani, nanyi mna wazazi na mna majirani, nishaurini: niseme mbele ya wote, au iko njia ambayo uzee wangu hauioni?

Na wewe unayesoma, kama jirani yako anasingiziwa hivi, nenda leo ukaketi naye barazani kwake, watu wakuone.