Mabonde Katika Sauti ya Bibi

Nilikuwa nadhani sauti ni kitu cha kusikia tu. Kumbe ina umbo, na umbo lenyewe linafanana na kwetu. Kaka wa kompyuta aliponigeuzia skrini yake, kwenye chumba ambacho watafiti walikuwa wamepanga Kasulu mjini, niliona milima: mmoja, mwingine, kibonde, halafu mlima mrefu unaopanda taratibu kama ile barabara ya kwenda Kibondo. Nikamuuliza hiyo ni ramani ya wapi.

"Huyo ni bibi yako, mwanangu," akasema. "Hapo amekohoa."

Nikamtazama bibi yangu anavyokohoa pale kwenye skrini. Nilitamani kuipanda ile milima, nikatafute ulipo mlima wa kicheko chake, nikae kileleni niangalie kule chini. Mimi ndivyo nilivyo. Kitu kidogo kikinigusa naondoka nacho. Shuleni walimu walikuwa wananiita na kuniita tena ndipo nigeuke, na naamini hiyo ndiyo sababu nilimaliza kidato cha nne na divisheni foo. Ila ilikuwa foo ya juu, inayopakana na tatu. Hilo nalisema kila nikipata nafasi.

Baada ya shule nilirudi Busunzu kukaa na bibi, mama yake baba. Tulikuwa tunalima maharage na muhogo, na mchana nachaji simu za watu kwa sola iliyo juu ya bati letu. Ndipo wakaja watafiti. Walikuwa watatu. Kulikuwa na daktari, dada mpole aliyejifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya baridi yetu. Kulikuwa na huyo kaka wa kompyuta, mtu wa Dar, ambaye kila asubuhi aliupiga picha ukungu kana kwamba ni mgeni ambaye sisi wenyeji hatujamwona. Na kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kufuatilia hadithi za zamani. Anazifuata kama mtu anavyofuata ng'ombe waliopotea: ilianzia wapi, ilivukia wapi kuja huku, na ilipofika upande huu ilibadilika nini.

Walitaka mtu wa kuwatafsiria Kiha, asiyechoka na wazee. Mwenyekiti wa kijiji akawaambia, "Chukueni huyu. Huyu anaongea hata na mbuzi." Nikachukuliwa.

Kazi yenyewe alinieleza daktari, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Kuna ugonjwa wa kusahau, akasema, unaowaingia wazee polepole, na ukijulikana mapema mgonjwa na watu wake wanajipanga. Shida ni maswali ya kuupimia. Leo tarehe ngapi. Chora saa. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu utamwambiaje achore saa? Atashindwa, nawe ukiandika kwamba ni mgonjwa utakuwa umemwonea. Kwa hiyo wao watatu wakakaa wakawaza: wazee wa huku wanajua hadithi. Basi wasimulie, sauti zao zirekodiwe, na kompyuta ifundishwe kusikiliza mpaka ijue mtu mwenye kumbukumbu nzima anasimuliaje, na anayeanza kupotea njia anasimuliaje.

"Yaani mashine itakuwa mjukuu," nikamwambia.

Daktari akafikiri kidogo. "Mjukuu msikivu," akasema. "Kuliko wewe, kwa ninavyosikia."

Tulizunguka kwa wazee wengi, mpaka Mabamba kule mpakani. Lakini moyoni nilikuwa na mzee mmoja. Siku zile bibi alikuwa ameanza kutia chumvi kwenye mboga, kukaa kidogo, kisha kutia tena. Mara nyingine aliniita kwa jina la baba yangu na hakujirekebisha. Nilijiambia ni utu uzima tu, nani hachanganyi. Ila nilitaka mtu mwingine aniambie hivyo, na kama mtu hayupo, basi hata kompyuta. Nilitaka iseme bibi yuko sawa. Hicho ndicho nilichokitafuta kwenye kazi ile, hata kama kwa watu nilisema natafuta uzoefu.

Siku ya bibi ilipofika kukawa na tatizo. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana; ukisimulia jua likiwa juu, ng'ombe wanapotea. Na gari la watafiti lilitakiwa kurudi Kasulu kabla ya jioni. Nikamweleza bibi kwa Kiha. Akawatazama wageni, akalitazama jua, akasema, "Basi tulizamishe."

Tukafunga mlango, tukafunga dirisha, nikaziba ufa wa ukutani kwa gunia. Bibi akawasha koroboi. Ilikuwa bado asubuhi, lakini mle ndani usiku ulikuja mara moja, ule mzuri wa utotoni, wenye harufu ya mafuta ya taa na maharage yaliyoanikwa. Kaka wa kompyuta alifurahi kupita kiasi, kwa sababu alikuwa amekuja na ombi hilohilo. Kuku wetu walikuwa wanamharibia sauti. Yeye akaona bibi amemkubalia, bibi akaona yeye ndiye amekubali mila. Sikuwasumbua.

Akambania bibi kipaza sauti kidogo kwenye kitenge, karibu na shingo.

"Mume wangu," bibi akaniambia, maana mjukuu wa kiume ni mume, "huyu mwanaume ananishika na wewe umekaa tu?"

"Ni kazi, mke wangu."

"Kazi. Na mahari ameleta?"

"Anasemaje?" kaka akauliza.

"Anasema karibu sana."

Kisha kaka akatupa masharti yake. Makofi ya salamu, yale tunayopiga Waha tukisalimiana, yaishe kabla hajawasha. Na mimi nisitoe sauti yoyote. "Hata kuguna, mwanangu. Nataka bibi peke yake, safi."

Bibi akachagua hadithi ya binti aliyeolewa na ukungu. Nilikua nayo. Binti anakwenda kuchuma maharage, ukungu unashuka, unampenda, unamchukua. Kila asubuhi mama yake anasimama ukingoni mwa shamba anaita, "Mwanangu, uko?" Na ninyi mnaosikiliza ndio binti; mnajibu kwa pamoja, "Niko, mama, niko mbali kidogo." Mama anasogea mbele, anaita tena. Mwishowe anabeba kuni na mafiga, anaingia katikati ya ukungu na kujenga jiko humohumo. Moshi unajaa, ukungu unakohoa, unakohoa, unafungua mikono, na binti anatoka.

Bibi akaita, "Mwanangu, uko?" na akanitazama.

Nikauma mdomo. Bibi akasubiri, akasubiri sana, kisha akaendelea kwa sauti ndogo zaidi. Akaita tena. Nilijisikia kama nimepotelea kwenye ukungu kweli, namsikia mama na siwezi kumjibu. Halafu, pale mama anapobeba kuni, mahali pasipo na swali lolote, bibi akanyamaza tena. Mkono wake ukawa unapapasa mkeka kama anatafuta sindano. Kisha akaanza upya, binti anakwenda kuchuma maharage.

Ni kwa sababu hajajibiwa, nikajiambia. Amevunjika moyo.

Basi ndiyo ile milima niliyoionyeshwa Kasulu. Daktari alikuwa ameniita makusudi. Akavuta kiti akaweka kidole kwenye skrini, mahali ambapo mlima ulikuwa umeshuka mpaka chini na mstari ukalala bapa.

"Mabonde haya, pale anaponyamaza, ni mapana," akasema. "Wazee wengine wanayo, ila ya bibi ni mapana zaidi. Sijasema kitu bado. Wewe unamjua, nataka unisaidie kuyasoma."

Nikamwambia bila kupumua. Kwamba pale bibi hakusahau, pale alikuwa ananisubiri mimi. Kwamba hadithi ile ina sehemu yake na ina sehemu yetu, na sehemu yetu tuliiziba kwa gunia pamoja na ule ufa. Nikaimba kidogo jibu la binti.

Mama mwalimu akaweka kikombe chake chini. "Hiyo nimeisikia Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi," akasema, "kwa mama mmoja wa Burundi. Kwao binti kaolewa na mto. Watoto walikuwa wanapiga kelele pembeni, nikawatoa nje ili nisikie vizuri." Akatikisa kichwa, akacheka polepole. "Na maandishi ya zamani niliyonayo, ya watu waliopita huku wakiandika hadithi, yote yana msimulizi mmoja anaongea kama na ukuta. Siku zote nikajiuliza mbona zimepoa hivi."

Kaka wa kompyuta alikuwa ameshika kichwa. "Kwa hiyo data yangu yote ni wazee wanaosubiri kujibiwa?"

"Siyo yote," daktari akasema. "Ndiyo maana tunarudi. Safari hii huyu anaitikia."

Njiani kurudi Busunzu nilikaa nyuma ya gari, dirisha wazi, vumbi jekundu likiniingia mdomoni, na nilikuwa tayari nimeshinda. Niliiona kompyuta ikiomba radhi. Niliona mabonde yote yamejaa maji na bibi anavuka juu yake na kitenge chake, miguu haigusi.

Tukazamisha jua tena. Kaka akawasha mtambo, bibi akaita, "Mwanangu, uko?" na mimi nikajibu kwa nguvu mpaka koroboi likayumba. Ungemwona bibi. Alikaa wima, macho yakang'aa, akaanza kuigiza mama anavyokunja kitenge na ukungu unavyojidai. Daktari na yeye akashika jibu, kwa Kiha chake cha kuokota, na bibi akasema huyu anafaa kuolewa na ukungu maana kichwa keshafunga. Nilitafsiri hilo lote.

Tukafika pale mama anapobeba kuni. Bibi akanyamaza.

Mahali pale sina jibu. Hadithi haikunipa neno hapo. Nikasema "ego" tu, ndiyo yetu ya Kiha, ile ya kumsukuma msimulizi aendelee. Ikabaki inaning'inia chumbani. Bibi akanigeukia, akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni ambaye bado hajasema ametokea wapi. Kisha akatabasamu, na binti akaenda tena kuchuma maharage.

Mlango ulipofunguliwa mwanga uliniumiza macho, nikashukuru kupata sababu ya kuyapangusa.

Kasulu, milima ilikuwa mipya. Mabonde mengi yalikuwa yamejaa kabisa. Daktari aliniacha niyatazame kwa muda, kisha akaonyesha yaliyobaki.

"Yale mengine yalikuwa yako," akasema. "Haya ni yake."

Akaniambia nimpeleke bibi hospitalini Kibondo, maana kuna mambo mengine mwilini yanayoweza kumfanya mtu asahau na yanatibika, wayaangalie kwanza. Ila hakunidanganya. Alisema tujipange. Kaka wa kompyuta hakutania. Alinipa nakala ya ile sauti kwenye simu yangu, akanishika bega, akatoka nje kujifanya anapokea simu ambayo haikuita.

Nyumbani nilimkuta bibi amekaa uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Njia nzima nilikuwa nimetunga maneno laini. Nilipoketi mbele yake yakaisha.

"Mashine imesemaje?" akauliza.

"Imesema umeanza kusahau, bibi. Kidogo."

Akaendelea kuchambua. "Hilo ningewaambia mimi, wasingechoma mafuta ya gari." Akapuliza pumba. "Imesema nitasahau vipi? Yote kwa pamoja, au moja moja?"

"Daktari anasema polepole."

"Kama ni polepole tuna muda wa kupanga."

Akaokota haragwe bovu, akalitazama pande zote. "Ile njaa ya utoto wangu iondoke kwanza," akasema, akalirusha kwa kuku. Akaokota jingine. "Na maneno ya shemeji yangu siku tuliyomzika babu yako." Kuku akalidaka. Alifanya hivyo bila haraka, na kila lililoruka uso wake ulikuwa mwepesi zaidi, nikaanza na mimi kumtafutia mabovu.

"Na yule mke mwenza?" nikamuuliza. "Yule aliyekuvunjia chungu?"

Akalishika haragwe kati ya vidole, akafikiri sana, akalirudisha kwenye mazuri. "Huyo mwache. Bado namtumia."

Nikacheka mpaka machozi yakapata njia ya kutoka. Akaniacha nimalize.

"Na wewe nikuweke wapi?" akauliza.

"Mwisho kabisa, mke wangu."

"Mwisho utakaa peke yako, utachoka." Akasawazisha maharage kwa kiganja, kama anavyotandika kitanda. "Nitakuweka na babu yako. Muwe mnaongea."

Daktari alikwisha kunieleza kwamba ugonjwa ule haumsikilizi mtu, unaokota wenyewe unachotaka. Sikumwambia bibi hilo. Babu alifariki mimi bado sijazaliwa. Nikasogea karibu na ungo, nikamuuliza huyo babu alikuwa anapenda mazungumzo gani, ili nijiandae.