Siku Lucius Threadgill Alipokimbia

Jina lake kamili ni Lucius Amos Threadgill, wa hapa Bogue Ella, Mississippi. Ni mwana wa Enoch Threadgill, mwashi aliyejenga kanisa letu la Mlima Nebo tangu msingi hadi mnara, na bomba lolote la moshi alilojenga halikurudisha moshi jikoni kwa mtu. Enoch alizaliwa na Amos Threadgill, aliyenunua shamba kando ya mto wakati mtu mweusi kununua ardhi ilikuwa ni kujitafutia kifo, akalilinda kwa bunduki akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. Mama yake Lucius ni Cleotha, wa ukoo wa kina Mabry, mwanamke ambaye akiimba kanisani, walio ng'ambo ya mto wanajua tumefika ubeti wa ngapi. Habari zao sikusimuliwa. Kati ya nyumba yetu na yao palikuwa na ua tu, tena ua wenyewe wa kurukwa na kuku.

Lucius alijifunza kurusha kwa matofali. Baba yake akiwa juu ya jukwaa anajenga, yeye alisimama chini akimrushia tofali moja moja. Kazi hiyo si mchezo. Ukirusha kwa nguvu mno unamvunja fundi vidole, ukirusha kwa uvivu tofali linakurudia usoni. La Lucius lilifika juu likiwa limeishiwa nguvu, likatua kiganjani kama limekabidhiwa. Enoch hakuangalia hata chini. Alinyoosha mkono tu huku anaongea na watu.

Kijana anayerusha tofali hivyo, mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kushikwa na kurushwa kwa mikono, kwake ulikuwa manyoya. Shuleni wakamfanya kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kwanza, akaitazama timu nzima kwa kufumba na kufumbua, akaamua uende kwa nani. Ndiye kichwa cha timu. Alipokwenda chuo chetu cha watu weusi akawa kwotabeki huko pia, na jambo alilolitaka maishani, la kwanza na la mwisho, ni kuwa kwotabeki katika timu za kulipwa. Hakuficha. Hata kwenye maombi ya Jumatano alisimama akaliomba kwa sauti.

Siku hizo, nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya sabini, wazungu wenye timu walikuwa na imani yao: mtu mweusi ana miguu, hana kichwa. Wakimwona kwotabeki mweusi mwepesi wa mbio, wanamhamisha pembeni akakimbie, au akawakabe wanaokimbia. Kocha wake wa chuoni, Kocha Purnell, alilijua hilo. Alifunga safari hadi hapa kuzungumza na Enoch na Lucius nyuma ya nyumba.

"Atakuja mtu na saa ya kupimia mbio," alisema. "Mwonyesheni mikono yake mpaka achoke. Lakini kukimbia, hapana. Mguu unauma. Mkiulizwa, mguu unauma! Akishaziona hizo mbio, kwotabeki basi."

"Tumekuelewa," Enoch alisema.

"Na yabaki hapahapa. Likisikika mjini, watasema tunawafundisha vijana ujeuri."

Enoch alikuwa mtu wa kushika neno. Alilishika mno. Hata Cleotha hakumwambia.

Mtu mwenye saa alikuja Jumamosi kabla ya Krismasi, Lucius akiwa nyumbani. Mzungu mnene, kofia ya majani kichwani wakati wa baridi. Habari ilikuwa imeshafika kila jiko, kwa hiyo uwanja wa shule ulijaa. Wanawake tulivaa kofia za kanisani. Deke Hollins, kinyozi, alifunga duka akaja na kitambaa cha kunyolea bado kipo begani.

Lucius alirusha. Alirusha karibu, mbali, akiwa amesimama, akiwa anarudi nyuma. Vijana waliopokea hawakuhitaji kunyoosha mikono. Yule mzungu alitikisa kichwa kwa kuridhika, mara nyingine akapiga mluzi. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa saa.

"Sasa kimbia kidogo, kijana. Kutoka hapa hadi pale."

"Mguu unaniuma, bwana."

"Unauma? Mbona sikukuona ukichechemea?"

"Unauma, bwana."

Mzungu akacheka. "Sawa. Kule mji wa pili niliambiwa yupo kijana anayewapita vijana wote wa huku. Labda hukutaka ushindani."

Hapo ndipo watu wetu walipoingia. Hao si watu wa kutukanwa uwanjani kwao.

"Mji wa pili?" Deke Hollins alipaza sauti. "Wale wanaokimbia kama wamebeba kabati? We Lucius, unamwachia huyu aondoke na maneno hayo?"

"Mguu wa nini, jana nimemwona akilikimbilia basi!" mwingine akadakia, watu wakacheka.

Lucius alisimama vilevile. Alimtazama baba yake. Enoch alikuwa kwenye ukingo wa uwanja, hatua chache tu kutoka kwa yule mzungu, na nilimwona akifungua mdomo. Angesema nini? Angesemaje mbele ya mzungu mwenye saa kwamba tunakuficha mbio zetu kwa sababu tunakujua? Akaufunga mdomo.

Ndipo Cleotha akasimama, kofia yake ya zambarau, na ile sauti yake.

"Lucius! Mwanangu, kimbia! Usituaibishe mbele ya mgeni. Kimbia wakuone!"

Kijana wa Mlima Nebo hakatai amri ya mama yake mbele za watu. Lucius aliinama, akakaza kamba za viatu, akakimbia. Sijapata kuona tena kitu kama kile, na nimeona mengi. Nyasi hazikupata muda wa kulala. Mzungu aliitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Watu tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Cleotha alipiga kuliko wote. Enoch peke yake mikono yake ilikuwa mfukoni.

Mwisho wa Januari ukafika, siku ambazo timu zinateua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi. Zilikuwa raundi kumi na saba wakati huo, siku mbili nzima. Ukichaguliwa unapigiwa simu. Nasi barabara yetu ilikuwa na waya mmoja kwa nyumba nne: nikiinua simu yangu, kwa kina Threadgill haipigiki. Basi nyumba zote tukakubaliana hakuna kugusa simu. Bi Ozella wa nyumba ya mwisho alishikwa na tumbo, akasema afadhali aumwe.

Cleotha alipika paja la nguruwe, majani ya koladi, mkate wa mahindi na pai la pichi. Tukakaa na redio. Siku ya kwanza ilisoma majina. Likatajwa la kwotabeki mzungu wa chuo kikuu cha jimbo, ambaye mipira yake ilikuwa inawapita wenzake kama imekosea anwani. Likatajwa la mwingine. Likatajwa la mwingine ambaye hata Deke, anayewajua wote, hakuwahi kumsikia.

"Huyo ni mtoto wa nani?" Deke aliuliza. "Au ni mpwa wa mwenye timu?"

Hakuna aliyecheka. Lucius alikaa kwenye kile kiti cha jikoni cha babu yake akiitazama simu. Chakula kilipoa. Jioni watu wakaanza kuaga kwa visingizio, huyu kaacha moto, yule ana ng'ombe.

Siku ya pili tulibaki wachache. Cleotha alikuwa anasema, "Raundi ijayo. Nasema raundi ijayo." Pale mchana simu ikalia, naye akapiga yowe. Lucius aliinua, akaiweka mbali kidogo na sikio ili mama yake asikie. Na mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Hongera, kijana! Tumekuchukua. Mlinzi wa pembeni."

"Bwana, mimi ni kwotabeki."

"Kwa mbio zile? Mtu wetu alidhani saa imeharibika! Hatuwezi kuziacha mbio zile zisimame nyuma zikirusha mpira."

"Nipeni mwaka mmoja nirushe. Msiponitaka, mtanihamisha."

"Kwotabeki tunao. Ungetaka kuchaguliwa kwa mikono yako, kijana, ungeficha miguu." Akacheka, mzaha tu kwake, akakata.

Cleotha aliketi taratibu. "Afiche miguu kwa nini?" Akamgeukia mumewe. "Enoch. Kwa nini?"

Enoch akamweleza, yote, tangu Kocha Purnell.

"Na hukuniambia."

"Nilipewa neno nilishike, Cleo."

"Na pale uwanjani? Ulikuwa umesimama pale! Mdomo ulikuwa nao!"

"Ningesemaje, mke wangu? Alikuwa anasikia."

"Mama," Lucius akasema, "si wewe."

"Nani basi? Sauti ya nani ile?" Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani juu ya chakula.

Lucius alikwenda. Alikaa huko majira ya joto, akikaba pembeni. Aliniambia mara moja tu kwamba siku moja baada ya mazoezi aliokota mpira akaurusha uwanja karibu mzima, makocha wote wakageuka kutazama. Kisha mmoja akasema, "Vizuri. Sasa kaulete." Kabla msimu haujaanza goti lilivunjika katika kumkaba mtu, wakampandisha basi la kurudi.

Alirudi kwenye matofali. Goti halikumruhusu kupanda jukwaa, kwa hiyo akabaki chini akimrushia baba yake, kisha akawarushia wengine, maisha yake yote. Mlima Nebo kunapoimbwa tunapiga makofi. Cleotha aliimba mpaka uzeeni, mikono imeshika kitabu cha nyimbo. Hakupiga kofi tena. Huku kwetu jeneza likitolewa kanisani watu husimama wakampigia makofi marehemu kwa safari aliyoimaliza. Siku ya mazishi ya Cleotha, Lucius alijikokota na goti lake hadi mlangoni, akasimama akasema, "Kwa mama yangu, hapana." Tulimtoa kimya, vikasikika visigino vya viatu tu.

Sasa makwotabeki weusi wanachaguliwa wa kwanza, wanapewa kofia mbele ya kamera. Vijana humwambia, "Mzee Lucius, ulizaliwa mapema!" Wanadhani wanamfariji. Hujibu, "Ndiyo," akazima televisheni.

Juma lililopita nilimpelekea pai la pichi. Amelala sebuleni, vidole vinatetemeka hata kijiko hakikai. Renetta, binti yake, alikuwa anamlisha. Alikuwa ameandika maisha ya baba yake ya kusomwa siku ya kumzika, akamsomea aone kama ni sawa. Akafika pale pa kuchaguliwa na timu ya kulipwa.

"Futa hapo," alisema.

"Baba, watu wanajivunia."

"Futa. Na ile siku ya uwanjani usiitaje. Asije mtu akasimama akamsema mama yangu."

"Nimekusikia. Nibakize nini sasa? Mwashi?"

"Mrusha matofali. Mwashi alikuwa baba yangu." Akapumua. "Na makofi, Renetta, hapana. Mimi sitakuwepo mlangoni. Kazi hiyo nakupa wewe."

"Watapiga tu, Baba. Unawajua."

"Nawajua," akasema. "Ndiyo maana nakwambia usimame mlangoni."