Figo Moja, Dada Wawili

Pale mtaani Mangobo, kila aliyependa liboke alimjua Marthe. Samaki wake aliwafunga kwa majani mabichi, akawachoma polepole juu ya makaa, na wateja hawakuchoka kungoja kwa sababu maneno yake yalikuwa matamu kama mchuzi wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyoongoza kwaya ya parokia. Mumewe, Patrice, fundi wa pikipiki, alizoea kusema kwamba alimuoa kwa ajili ya samaki. Marthe naye alimjibu kwamba yeye alikubali kwa huruma tu.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Pumzi ikawa inamkatikia katikati ya wimbo. Hospitalini, daktari aliyeitwa Nadia alimwambia bila kuzunguka kwamba figo zote mbili zimechoka. Kwa sasa mashine ingemsafishia damu, lakini dawa hasa ilikuwa kupata figo ya mtu mwingine. Shirika moja la wafadhili lilikubali kumpeleka India kwa upasuaji, mradi apatikane wa kumpa.

Patrice hakusubiri daktari amalize. "Docteur, kamata yangu. Niko nazo mbili. Moja ni ya bibi yangu."

"Papa, mwili hauulizi nani anakupenda," Nadia alisema. Akawaeleza kwamba kila mtu ana alama katika chembe za mwili wake, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Kinga ya mwili huzisoma alama hizo kama walinzi langoni, na ikiona ngeni hufukuza. Kwa hiyo wangepima kundi la damu kwanza, kisha alama, na mwisho wangechanganya chembe za Patrice na maji ya damu ya Marthe, waone kama walinzi watashambulia.

Kundi la damu lilipatana. Patrice akaitangazia gereji nzima kwamba mambo yamekwisha. Damu nyingine ikasafirishwa kwa ndege hadi maabara ya mbali, na majibu yaliporudi Nadia aliwaita wote wawili.

"Haiwezekani," alisema. "Damu ya mama huyu imeua chembe zako."

Patrice akakaa chini kama mtu aliyesukumwa. "Miaka yote tunalala nyumba moja, na damu yake inaniona adui?"

"Inakujua kupita kiasi, papa. Mama alipobeba mimba, kila mtoto alikuwa na nusu ya alama zako. Mwili wake ulikutana nazo, ukaweka askari wa kuzitambua. Hao askari wangali macho. Ndiyo sababu hata watoto wenu siwezi kuwategemea, maana wanazo alama zilezile."

Patrice akafikiri. "Donc, ni kosa ya batoto."

"Ni kosa yako, Papa Jeancy," Marthe alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Batoto hawakujileta."

Nadia aligeuka dirishani ili wasimwone akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Marthe kutania tangu augue, na Patrice, aliyeingia na matumaini na sasa anatoka bila kitu, alijikuta akitabasamu hadi nyumbani.

Akabaki mtu mmoja, Émilie, mdogo wake Marthe, mfanyabiashara wa samaki wa moshi huko Ubundu. Nadia alikuwa amesema ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana alama zote. Lakini dada hawa walikuwa hawasemezani tangu walipogombania vyombo vya marehemu mama yao.

"Afadhali mashine," Marthe alisema, akafunga mjadala.

Patrice aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali, akatoka nje, akampigia Émilie simu.

Baada ya siku chache pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Juu yake aliketi mwanamke mfupi, mnene, mwekundu kwa vumbi la barabara, amekumbatia gunia la samaki.

"Nani alikuita?" Marthe aliuliza kutoka mlangoni.

"Uliza bwana yako. Na hata asingeniita, ningekuja tu. Habari ilinifikia." Émilie akashuka, akajipangusa. "Yaya, dada yangu, mama alituzaa wawili. Nikikukosa weye, nitagombana na nani?"

Marthe alimpisha mlangoni. Kisha akamtilia maji ya kuoga.

Kesho yake Émilie alitolewa damu, kundi likapatana; majibu ya alama yalichukua muda, naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Alishika makaa siku ambazo Marthe alikuwa kwenye mashine, akaongeza pilipili katika liboke bila kuuliza. Wateja walisifu. Marthe alisema wanasifu kwa adabu.

Siku Nadia alipowaita, alikuwa ameomba maabara isome mara mbili. Alama za Marthe na Émilie zililingana zote. Na maji ya damu yalipochanganywa na chembe, hakuna askari aliyeinuka.

Patrice alimtazama mkewe mrefu, akamtazama shemeji yake mfupi. "Bon, hawa? Hawapatani hata juu ya chumvi."

"Huko ndani wanapatana," Nadia alisema.

Kule India, jambo la kwanza alilouliza Émilie alipozinduka lilikuwa kama dada yake amekojoa. Muuguzi akamwonyesha kwa ishara kwamba mfuko wa mkojo umejaa na wameubadilisha. Émilie akacheka mpaka mshono ukamuuma, akalia kidogo pia, na alipofikishwa kitandani kwa Marthe alisema figo yake ni mfanyakazi kuliko yeye mwenyewe.

Leo Marthe yuko tena kwenye kwaya. Dawa za kutuliza kinga atazimeza maisha yake yote, kwani hata figo ya ndugu huhitaji kuombewa ukarimu, na Patrice ndiye anayemkumbusha. Émilie amerudi Ubundu, na asubuhi mtandao ukikubali hupiga simu.

"Figo yangu iko namna gani?"

"Yangu iko muzuri," Marthe hujibu, na ubishi huanzia hapo.