Walisema Ni Karuho

Kaswera, mama wa kutoka Butembo, aliuza maharage sokoni Majengo. Jirani yake, sokoni na nyumbani, alikuwa Nshobole wa upande wa Bukavu, muuza sombe, majani ya muhogo. Watoto wao walikua pamoja, na aliyewahi kuivisha chakula ndiye aliyemwita mwenzake.

Kisha shingo ya Kaswera ikaanza kuvimba. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono ikatetemeka, akakonda ingawa alikula vizuri. Kituo kimoja cha afya kikampa kinini, vidonge vya kutuliza tezi ya shingo. Wagonjwa walikuwa wengi. Akaelezwa namna ya kumeza, basi. Moyo ukatulia kweli, akarudi kuuza.

Baada ya wiki chache koo likamuuma kama amemeza kaa la moto. Homa ikapanda, vidonda vikajaa mdomoni. Josias, mdogo wa mumewe, akaja kumtazama.

"Ulikula kwa nani?"

"Kwa mama Nshobole. Sombe."

"Basi njo ile. Ni karuho."

Karuho ni sumu ambayo husemwa hutiwa katika chakula, mtu akanyauka polepole. Mji huu umezoea bunduki, lakini karuho bado unaiogopa. Kaswera alitaka kubisha, ila hofu ilikwisha kumwingia. Akanyamaza.

Mumewe, Adalbert, akampeleka kijiji cha Kibati kwa mganga ili atapishwe. Alitapika mpaka damu. Kinini hakuziacha, alizisaga akazimeza kwa uji, akidhani ndizo zinazomshikilia asife.

Huku Majengo vijana wakaizingira nyumba ya Nshobole wakiwa na mawe ya volkano. Wakavunja mlango, wakatoboa mabati. Nshobole alitoka na mjukuu mgongoni, jiwe likampata begani. Kesho yake akapanda boti ya Bukavu.

Kaswera aliposhindwa kumtambua hata mumewe, Adalbert akampeleka hospitali. Dokta Élodie akapima damu, kisha akamwita kando.

"Papa Adalbert, chembe nyeupe za damu, zile zinapiganaka na magonjwa, karibu zimeisha. Njo maana koo limeoza."

"Ni karuho, dokta?"

"Vitu mingi vinaweza kuzimaliza. Virusi, hata ile ya sida, ukimwi. Tifoidi. Kukosa chakula kizuri muda murefu. Ugonjwa wa ndani ya mifupa, kule damu inatengenezwaka. Tutapima. Lakini kwanza, iko anameza dawa gani?"

Adalbert akatoa kinini mfukoni. Dokta akazigeuza mkononi.

"Hizi zinafanyaka hivi kwa watu wachache. Homa na koo vikianza, mutu anaziacha mara moja na kukimbia kupimwa damu. Hawakuwaambia?"

"Hapana."

Vipimo vingine havikuonyesha kitu. Kinini zikasimamishwa, dawa kali ikapitishwa kwenye mshipa, na polepole chembe zikarudi. Kaswera akapona, amebaki mifupa mitupu. Ndipo akaelezwa yaliyompata Nshobole. Aligeukia ukuta, hakula siku hiyo.

Kaswera aliporudi nyumbani, Adalbert aliwaita majirani akawaeleza ukweli. Wengine waliinamisha vichwa. Josias akacheka kwa dharau.

"Hospitali haijuaka karuho," akasema.

Kaswera akamtuma Fortunat, mchuuzi anayesafiri Bukavu, amwombe Nshobole arudi. Fortunat alirudi peke yake.

"Amesema anashukuru Mungu umepona," akamwambia. "Amesema pia: walipokuuliza ulikula kwa nani, ulitaja jina lake, na haukuongeza neno."

"Ni kweli," Kaswera akasema.

Sasa yuko sokoni tena. Shingo imeanza kuvimba upya, na kinini zile hawezi kuzigusa maisha yake yote, anangoja kupasuliwa tezi itolewe. Mahali pa Nshobole pamechukuliwa na muuza makaa. Ni mtu mwema, humsalimu Kaswera kila asubuhi, lakini hawajawahi kula pamoja.