Mnanaa wa Bibi Ulipopata Kutu

Wiki iliyopita nilipita Ilemela, pale nyuma ya mawe ambapo bibi alikuwa na bustani yake ya dawa. Sasa kuna ukuta na geti jeusi. Nikwambie ukweli, kilichonijia pale si huzuni. Ni wivu, uleule wa darasa la tano.

Bibi alipanda kivumbasi, mchaichai na mnanaa. Mtoto wa jirani akikohoa au tumbo likimsumbua, mama yake alikuja kuchuma. Bibi alikuwa akitulea wawili, mimi na binamu yangu, na binamu ndiye aliyekuwa na jicho. Akigeuza jani, anaona kidoa ambacho wengine tungekiona baada ya siku tatu. "Njoo uniangalizie," bibi alimwita, huku mimi nikipandisha ndoo kutoka ziwani, maji yakinilowesha mgongo. Jioni tulikula viazi vya kuanikwa na karanga, na sifa zote zilikuwa zake. Mwishowe akapewa tuta zima la mnanaa liwe lake.

Mvua zilipokwisha, binamu alikwenda Magu kumwona mama yake. Nikageuza jani kwenye tuta lake nikakuta unga wa rangi ya chungwa. Nilijua ni kutu, ugonjwa wa majani. Bibi alishatufundisha: majani hayo yanachumwa na kuchomwa moto, na maji yanamwagwa chini ya shina tu, yasiusambaze. Nikanyamaza. Tena kila jioni nikawa nayamwagia maji majani yenyewe.

Binamu aliporudi, tuta lilikuwa limekauka na ugonjwa umeingia kwenye matuta mengine ya mnanaa. Bibi aling'oa yote akachoma. Jirani alikuja na mtoto mgongoni, akaondoka mikono mitupu. Binamu alilia, akidhani kosa ni lake.

Nilishindwa kuvumilia. "Bibi, mimi niliona mapema."

"Uliona lini?"

"Alipoondoka tu."

"Kumbe na wewe unaona," akasema, kisha akaendelea kufagia majivu. Hakunipiga. Wala hakuwahi kuniita niangalie jani.

Bibi hayupo tena. Binamu sasa ni bibi shamba, afisa wa kilimo, na wakulima wanamtumia picha za majani yao kwenye simu. Kwa hizo simu siwezi kumwonea wivu. Ila yeye akiikumbuka bustani ile, anakumbuka akiitwa. Mimi nakumbuka nikisubiri.