Kocha Anayewapa Kisogo Wachezaji

Kocha wa timu ya kikapu ya chuo hamtazami mchezaji mgeni, humpa kisogo. Hukaa kwenye benchi ameelekea ukutani, mikono juu ya magoti, filimbi mdomoni bila kuipuliza, akisikiliza. "Macho huhongwa na urefu," husema, "mpira hauhongeki." Msaidizi wake, ambaye kazi yake ni kujaza fomu, zamani alidhani ni mbwembwe za uzee, mpaka siku kocha alipogundua goti bovu kwa mlio wa viatu tu, na daktari akakubali.

Jana asubuhi alikuja kijana kujaribiwa, na nafasi ilikuwa imebaki moja. Ukumbini walikuwa wao watatu tu. Kijana alidunda mpira, akakata kona, akafunga. Vidole vya kocha vilikuwa vikihesabu hatua juu ya goti, kama kawaida yake. Ghafla vikasimama.

"Huyu wa mbele yuko vizuri," akasema. "Huyo anayemfuata, mwambie asiburute mguu wa kushoto."

Msaidizi alitazama uwanja. "Kocha, yuko peke yake."

Kijana alikuwa amesimama, mpira kwapani, jasho likimtiririka. "Nani amekwambia habari za pacha wangu, kocha?" akauliza kwa sauti ndogo. "Tulimzika mwaka jana. Mguu wake ulikuwa hivyo tangu kuzaliwa."

Kocha hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vimeanza tena kuhesabu, taratibu, kimoja kikichelewa nyuma ya kingine, ingawa kijana hakuwa ameinua hata unyayo.